Mwalimu Amethibitisha

Mke wangu anasema tofauti yangu na vijana wa vyuma chakavu ni moja: wao hurudi nyumbani na hela. Nakusanya vitu vya majeshi ya zamani, vifungo, vibuyu vya maji, nishani, chochote chenye kutu na historia. Nafundisha historia, naishi Nyegezi, Mwanza, na mtaa mzima unaniita Mwalimu Skrepa.

Cha thamani nilikuwa nacho kimoja tu, nishani ya nyota ya Burma ya marehemu babu. Alipelekwa huko na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kupigana na Wajapani, akarudi na malaria na hiyo nyota yenye ncha sita, utepe wa buluu wenye mstari mwekundu katikati. Utepe ulipochanika bibi aliushona kwa uzi wa kijani, ndio uliokuwepo. Kila nikienda kusaka vitu naitia mfuko wa shati, watu wajue wanaongea na mtu wa aina gani. Walijua.

Jumamosi moja niko vichochoro vya Makoroboi, kijana mmoja akanisogelea kwa adabu zote.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Babu yangu alikuwa anachimba choo, akakuta hiki."

Akafungua kitambaa. Msalaba mweusi, kingo nyeupe, matope mekundu kila upande. Moyo ukaruka kama sato kwenye wavu.

"Cha nani hiki?"

"Cha mzungu."

"Mjerumani?"

"Huyohuyo."

"Wa pale boma?"

"Wa boma kabisa."

"Basi alikidondosha Julai 1916, Waingereza walipoingia Mwanza!"

"Tarehe ngapi vile, mwalimu?"

"Kumi na nne."

"Ndiyo hiyo babu anayoisema."

Ukitaka kunipora mimi, usinikabe shingo. Niulize swali la historia. Nilisimama pale nikafundisha kipindi kizima, bila chaki: Msalaba wa Chuma, nishani ya jeshi la Wajerumani, ulianzishwa Prussia mwaka 1813, ndiyo maana ule wa vita ya kwanza una mwaka huo upande mmoja, na upande wa pili 1914 na herufi W ya Kaisari Wilhelm. Kiini ni chuma, kingo ni fedha. Wapita njia wakajaa. Muuza karanga akaacha kuuza.

"Mbona huu hauna mwaka?" nikajiuliza kwa sauti. Nikajijibu mwenyewe: "Udongo umekula."

"Udongo wa kwetu unakula sana," kijana akasema.

Akaomba aione na hiyo ya mfukoni. Nikampa. Akaishika kwa mikono miwili kama anapokea sakramenti, akampa pole marehemu babu, kisha akazifunga zote kwenye kitambaa kimoja, zisipotee. Nilipapasa kwa nje, nikahesabu pembe sita. Nikalipa laki moja na ishirini, hela ya mabati ya jiko, nikapanda daladala nikiwa natabasamu peke yangu.

Nyumbani mke wangu, Mama Kulwa, ndiye aliyefungua fundo. Msalaba ulikuwepo. Pembeni yake, nati ya lori. Nayo ina pembe sita, kijana alikuwa mtu wa hesabu.

Nikakimbilia sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Nati ikairukia kama mtoto aliyemwona mama yake. Msalaba haukujigusa. Nikauosha: matope yakatoka, weusi ukatoka, na nyuma pakaonekana alama za msumeno mahali ambapo kitu kilikatwa. Jirani yetu wa bodaboda alikuwa ameingia kuomba chumvi. Akautazama, akanitazama, akapandisha fulana. Kiunoni, kwenye mkanda, msalaba uleule.

"Soko la Mlango Mmoja, mwalimu. Elfu tatu, na mkanda wake."

Nikaenda kuripoti. Afande akauliza kama nyota ina jina la babu. Nikamweleza, kwa sababu siwezi kujizuia, kwamba nishani za vita ya kwanza Waingereza walizichonga jina na namba ukingoni, lakini hizi nyota za vita ya pili waliwapa askari bila jina.

"Kwa hiyo haina jina."

"Haina."

"Na huo msalaba?"

"Ni mkanda, afande."

Akafunga daftari taratibu, kama mtu anayefunga jeneza.

Wiki mbili baadaye nikawa nasubiri kivuko cha Kamanga. Kijana mwingine kabisa ametandaza turubai: saa mbovu, miwani, redio, na nyota ya babu. Uzi wa kijani ule pale.

"Hii bei gani?"

"Laki na nusu, mzee. Ni ya Mjerumani wa boma, aliidondosha tarehe 14 Julai 1916."

"Mjerumani gani? Si imeandikwa Burma hapa!"

"Burma ndiye huyo Mjerumani."

"Nani kakudanganya?"

Akavuta turubai kidogo upande wake. "Mzee, kama huna hela sema. Hii kaithibitisha mwalimu wa historia wa Nyegezi, mbele ya watu."

"Huyo mwalimu ni mjinga!"

Uso ukamkunjamana, amechukia kweli. "Tuheshimiane, mzee. Yule mwalimu anajua mpaka tarehe."

Nilibembeleza mpaka honi ya kivuko ikapigwa. Akanipunguzia elfu tano.