Makopo 24,000

Mimi ni mfamasia hapa Mombasa, hospitali siitaji manake bado natafuta riziki pale pale. Kuna wakati tulipelekwa treningi ya siku 3 ya usimamizi wa famasi ya hospitali, kwa sababu chuo wanakufunza dawa inafanya nini mwilini lakini ukiingia kazini unakuta nusu ya siku ni kuhesabu katoni na kugombana na masapulaya.

Treningi ilikuwa tamu wallahi. Siku ya kwanza bin kadi, kila kitu stoo kina kadi yake, kikiingia andika, kikitoka andika, hata bandeji moja. Dawa kama insulini na oksitosini zikae friji digrii 2 hadi 8, na friji ya dawa haiwekwi chupa za maji wala samaki wa mtu, hapo watu wakaanza kuangaliana. Katoni zisilale sakafuni wala zisiegemee ukuta, na kwa joto na unyevu huu wetu hilo hata halihitaji mkufunzi. Kisha FEFO, yaani inayoekspaya kwanza ndo itoke kwanza, hata kama imeingia jana.

Siku ya pili asubuhi ikaja hesabu ya kuagiza. Unachukua wastani wa matumizi ya mwezi, unazidisha kwa miezi unayotaka stoki ikutoshe, unatoa kile kilichoko stoo, basi hiyo ndo oda yako. Hapo nlikuwa moto, kila swali mkono juu, mpaka mkufunzi akasema jamani tuwape na wengine nafasi. Tukaenda lanchi. Lanchi ilikuwa pilau, na si pilau ya kubabaisha, pilau ya nyama na kachumbari na juisi ya ukwaju ya baridi, nkarudia sahani, tuliporudi ukumbini AC yanipuliza kisogoni, macho yako wazi lakini mwenyewe sipo. Nlikuja kushtuka watu wapiga makofi. Nami nkapiga.

Kipindi hicho kilichopita nikiwa sipo, nlikuja kuambiwa baadaye sana, kilikuwa cha namna ya kusoma kipimo cha kuagizia kwenye fomu. Kama ni moja moja, ama pakti, ama katoni.

Basi nkarudi kazini na cheti changu, nkakilaminet. Nkawakusanya vijana wa famasi pamoja na mzee wetu wa stoo, ambaye ameshika funguo zile tangu mimi niko shule ya msingi, nkawapa lekcha saa nzima. Mzee akasikiza kwa adabu, mwisho akauliza, "Sasa mwanangu, hii fefo si ndo ile tunayofanya siku zote, ila yetu haikuwa na jina?" Nkamwambia mzee, mambo yamebadilika. Nkamsisitizia moja: mzigo ukija, linganisha oda, dilivari noti na mzigo wenyewe, vyote vitatu vikiwa sawa ndo upige sahihi. Akaandika kwenye kidaftari chake.

Oda ya kwanza ya kitaalamu nkaanza na kitu kidogo, makopo ya mkojo, yale ya plastiki yenye kifuniko. Twatumia kama 200 kwa mwezi. Mara miezi 3, 600. Stoo yalikuwa 120. Kwa hivyo 480. Nkaandika 480 kwa peni nyeusi, mwandiko mzuri kabisa, bosi akapiga sahihi bila kuangalia kwa sababu si nimetoka treningi mimi.

Pembeni ya ule mstari kulikuwa kumeandikwa, kwa maandishi madogo kama chungu, pakti ya 50.

Siku mzigo unafika nlikuwa nimekwama Likoni, ndo nimeingia feri, nimebanwa kati ya mkokoteni wa machungwa na jamaa ana kuku wawili. Simu ikalia. Askari wa geti.

"Dakta, kuna Canter hapa yasema ni yako."

"Mimi sina Canter."

"Yasema ni makopo."

Nkajua tu wamekuja na mizigo ya hospitali kadhaa, yetu iko humo ndani kiboksi kimoja. Nkamwambia mpe mzee simu. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, una hakika?" Nami, na watu wa feri wanisikiza, nkajibu kwa sauti ya cheti: "Mzee, fanya kama nlivyokufunza. Vitatu vikiwa sawa, piga sahihi."

Vilikuwa sawa. Hiyo ndo inaniuma mpaka leo. Oda pakti 480, dilivari noti pakti 480, na mzee alihesabu zote mwenyewe, hata moja haikupungua. Nlipofika Canter ishaondoka na stoo mlango haufungi. Katoni 48, mpaka kwenye koridoo, mpaka ofisini kwangu, kiti changu kimewekewa katoni 2 na juu yake bin kadi, imejazwa vizuri: makopo 24,000. Mzee amenisimamia na kidaftari mkononi, uso hauna hata tabasamu. "Na hakuna iliyogusa ukuta," akaniambia.

Piga hesabu na wewe. 24,000 gawanya kwa 200 ni miezi 120, miaka 10. Na chini ya pakti tarehe ya kuekspaya ilikuwa miaka 5. Tena yote siku moja, kwa hivyo hata hiyo FEFO haina pa kuanzia.

Sapulaya nlipompigia akanijibu kwa upole sana kwamba mzigo ushapokelewa na sahihi iko. Bosi sitasimulia alisema nini. Watu wa maabara ndo walonimaliza, yule sista wao akasema, "Dakta, hata tukiwangoja watu wanashuka feri ya kwanza asubuhi tukampa kila mmoja kopo lake, yatabaki." Mama wa mabuyu pale getini naye akaniita pembeni, mwanangu nipatie hayo nitilie mabuyu, nkamkatalia, akaninunia wiki nzima, na alikuwa na haki kwa sababu wiki hiyo hiyo aliniona nayatoa kwa Canter.

Manake nlianza kupigia wenzangu simu, hospitali hadi hospitali, kama anayeuza viwanja. Mmoja akachukua pakti 60 akanipa glavu. Mwengine 40 kwa kanula, zile za kuwekea dripu. Kuna mmoja alichukua 10 kwa huruma tu.

Mkufunzi mwenyewe alikuja baadaye kukagua kama tunafuata tulivyofunzwa. Akaisoma ile kadi, akaisoma tena, akavua miwani. Akaomba ile fomu apige picha.

Sasa juzi kanipigia mwenzangu mmoja wa Kilifi, yuko treningi hiyo hiyo, nyuma nasikia watu wacheka mpaka wakohoa. "Yakhe, tumeonyeshwa slaidi hapa ya dakta mmoja wa Mombasa na makopo ya mkojo, wamjua?"

Nkamwambia simjui. Kisha nkamuuliza, huko kwenu makopo mnayo?