Pesa iliyo kwenye droo si faida yako

Wafanyabiashara wadogo wengi wa Lubumbashi wanakula mtaji wao wakidhani wanakula faida. Nalisema bila kuzunguka, kwa sababu naona butiki zinafungwa kwenye mitaa yetu ya Kenya na Katuba, mwenyewe analaumu wateja au uchawi wa jirani, ilhali hata jioni moja hakuwahi kukaa na kalamu.

Chukua gunia la unga wa mahindi. Tuseme umelinunua dola 20 wakati dola ni faranga 2,000 za Kongo: umetoa 40,000. Unaliuza kwa meka, kile kipimo cha kopo, hadi liishe, unakusanya 44,000 na kufurahi kwamba umepata 4,000. Unarudi kwa muuzaji wa jumla, dola imefika 2,300. Gunia lile lile sasa ni 46,000. Hata ungeshika kila kitu ulichouza, hufikishi, na zile 4,000 umeshazinunulia makala (mkaa) na makayabu (samaki wa chumvi). Haya yalitupata kweli: mwaka 2023 dola ilianza kwenye faranga 2,000 hivi, mwaka ukaisha ikikaribia 2,700.

Kwa hiyo panga bei kwa kuangalia gunia litakalokuja, si lile lililokwisha. Mizigo yetu mingi inapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na bei yake ni ya dola hata kama mteja anakulipa kwa noti za mia tano. Pesa ya mzigo isilale kwenye droo: igeuze mzigo upesi. Dola ikishuka nayo, piga hesabu upya siku hiyo hiyo, usingoje jirani apunguze bei kabla yako. Na noti ya dola yenye mpasuko usipokee, hata mteja akinuna. Mwenye kubadili pesa ataikata thamani, na anachokata kinatoka mfukoni mwako.

Usafiri, mbeba mzigo, ushuru wa soko wa kila siku, gunia lililopasuka njiani: vyote viandikwe, vyote viingie kwenye bei.

Sasa nyumbani, na hapa wengi watanikasirikia. Unga unaochota jioni kwa bukari (ugali) ya watoto ni unga uliouzwa. Ulipie. Jipange mshahara, hata mdogo, uuchukue siku moja kila wiki, na usiguse kitu kingine. Yaya, yaani kaka au dada yako mkubwa, akija na shida ya minerval (ada ya shule) ya mtoto, msaidie kutoka kwenye mshahara huo. Ukiwa umekwisha, mwambie, "Yaya, umekwisha." Najua ni vigumu. Kwetu, kumnyima ndugu ni jambo litakalosemwa kwenye kila kilio cha ukoo. Lakini butiki ikifungwa, yaya huyo huyo hatapata hata hicho kidogo, na watoto wako watakuwa kwenye foleni moja naye.

Likelemba, ule mchango wa kupeana pesa kwa zamu, ni nzuri, mimi mwenyewe naipenda, ila ichangie kwa mshahara wako. Mama anayechanga pesa ya gunia akingoja zamu yake anabaki na meza tupu wakati wenzake wanauza.

Deni nalo liwe na jina, kiasi na siku ya kulipa, vimeandikwa mbele ya mkopaji mwenyewe. Ambaye hajalipa la kwanza hapewi la pili, hata kama mnagawana ukuta mmoja wa nyumba.