Moduli ikiingia kwenye MGB, waya wa balasti ubaki au utoke?

Ukishatoa platini na kondensa kwenye distribyuta ya Lucas 45D4 na kuweka moduli ya sumaku (kifaa cha elektroniki kinachofanya kazi ya platini), MGB, gari la zamani la michezo la Kiingereza, inabaki na nyaya zilizotandikwa kwa ajili ya mfumo ambao haupo tena. Wapo wanaotaka kung'oa kila kisichohitajika, na wapo wanaokataza kugusa chochote cha kiwandani.

Ubishi unahusu zaidi waya wa balasti, yaani waya wa ukinzani unaopunguza umeme unaofika kwenye koili. MGB zilizoundwa kiwandani Abingdon, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa 1974 zina waya wa rangi nyeupe na waridi, wenye ukinzani wa omu 1.5 hivi, uliofichwa ndani ya fungu la nyaya kati ya swichi na koili. Koili nayo ni ya omu 1.5. Jumla ni omu 3, kwa hiyo kwa volti 12 unapita mkondo wa ampea 4. Wakati wa kupiga starta, waya mwingine hukwepa balasti na kuipa koili volti zote za betri.

Wanaotaka kurahisisha wana hoja nzito. Waya mwekundu wa moduli unataka volti kamili. Ukiufunga kwenye koili baada ya balasti, kila koili inapovuta mkondo moduli hubaki na takriban nusu ya volti, na injini hukosa miripuko. Dawa yao ni koili ya omu 3, waya mpya wa milimita mraba 2 kutoka kwenye waya mweupe wa swichi, na balasti nje ya mzunguko.

Balaa huja kwa anayefanya nusu ya kazi. Koili ya omu 3 ikiachwa nyuma ya balasti hupata ampea 2.7 tu, na kwa kuwa nguvu ya cheche hufuata mraba wa mkondo, inabaki chini ya nusu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: koili ya omu 1.5 bila balasti huvuta ampea 8, na zaidi ya 9 alternata ikichaji. Moduli ya kawaida ya silinda nne, inayotaka koili ya omu 3, huungua.

Upande wa pili husema moduli hufa bila dalili, kwa hiyo gari liachwe tayari kurudishiwa platini njiani. Tahadhari hiyo ni ya kweli, ila haimlazimu mtu kubaki na balasti. MGB za kabla ya mabadiliko hayo zilitembea na platini kwa koili ya omu 3 bila balasti yoyote. Weka platini na kondensa kwenye buti; koili mpya itazikubali.

Hoja yao iliyo bora ni nyingine: usilifumue fungu la nyaya. Waya wa ukinzani haushiki risasi ya kulehemu vizuri, na plastiki ya miaka karibu 50 hupasuka ukiikunja. Hapo nakubaliana nao kabisa. Ukwepe waya wa balasti, usiuchimbue.

Lakini ncha zake zisiachwe wazi. Mzunguko mweupe hauna fyuzi, na ncha ya waridi ina umeme kila swichi ikiwashwa. Ikigusa bodi, fungu zima linaweza kuungua. Ifunike kwa mpira wa kubana kwa joto. Waya ule wa kukwepa balasti uchomoe upande wa starta pia, kwa sababu hupata volti 12 kila ukipiga starta.

MGB nyingi za hadi 1972 hazina balasti, ila waya mweupe wa koili hupitia nyuma ya takometa (kipima mizunguko ya injini). Ukiukwepa, sindano hulala kwenye sifuri.

Rilei kwa ajili ya koili peke yake siioni faida yake: kwa ampea 4 unaongeza viungo vinne. Afadhali ukague kiwaya laini cha erthi ndani ya distribyuta, kwani kikikatika, injini hukosa pale tu sahani inayobeba moduli inapozungushwa na vakyumu.

Ukimaliza, washa swichi bila kuwasha injini, unganisha hasi ya koili na erthi kwa sekunde chache, kisha pima kati ya chanya ya betri na chanya ya koili. Ikizidi volti 0.5, bado kuna kiungo kibovu, au balasti haijatoka kwenye njia.