Maksi za testi ya saikolojia zisimfungie mtu mlango wa parole

Kesi ya Ewert ya kule Kanada inatakiwa ijulikane na kila mtu anayeongelea parole, yaani kumwachia mfungwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, na nashangaa kwa Kiswahili karibu haitajwi. Jeffrey Ewert anatumikia vifungo vya maisha kwa kuua na kujaribu kuua, ni makosa mazito mno na sitaki mtu adhani namtetea kwa alichofanya. Ila yeye ni Métis, yaani anatoka kwenye mojawapo ya jamii za asili za Kanada, na kwa miaka zaidi ya 30 aliyokaa ndani magereza wamekuwa wakimpima kwa testi za saikolojia zinazotabiri kama mtu atarudia kosa, sasa yeye akauliza hivi, hizi testi mlishahakikisha zinafanya kazi kwa watu wa jamii yangu?

Hawakuwa wamehakikisha. Na wasiwasi huo walikuwa wanaujua tangu mwaka 2000.

Testi zilizobishaniwa zilikuwa tano, maarufu kuliko zote ni PCL-R, iliyotengenezwa na Robert Hare, mwanasaikolojia wa chuo kikuu kule Vancouver. Ina vipengele 20, kila kimoja unapewa 0, 1 au 2, jumla ya juu ni 40, na kwa Amerika Kaskazini ukifika 30 unahesabika saikopathi, yaani mtu asiye na huruma wala majuto. Mpimaji anamhoji mfungwa, anasoma faili lake, anajaza maksi. Vipengele vyenyewe ndo vya kuangalia: hana majuto, mdomo mtamu usio na kitu ndani, anaishi kwa mgongo wa wengine, hana malengo ya mbele yanayowezekana, ndoa nyingi za muda mfupi, utukutu wa utotoni, makosa ya ujana.

Hebu chukua hiyo ya majuto tu. Kwetu mtoto anafundishwa asimkazie mkubwa macho, akisemwa anainama ananyamaza, na hiyo ndo adabu. Mtu wa aina hiyo ukimkalisha mbele ya mpimaji aliyekulia mazingira mengine kabisa, yule mpimaji anaona mtu mkavu asiyejutia chochote, anaandika 2. Halafu huo utukutu wa utotoni, Kanada hiyohiyo ndo iliyokuwa inachukua watoto wa jamii za asili kwa wazazi wao na kuwapeleka shule za bweni kwa lazima, za mwisho zimefungwa miaka ya 1990, kwahiyo serikali inamvuruga mtu utotoni halafu serikali ileile inakuja kumhesabia maksi za utoto uliovurugika. Na utoto haubadiliki! Mtu anaweza akasoma, akaacha pombe, akawa mtu mwingine kabisa gerezani, maksi za alivyokuwa na miaka 12 ziko palepale, wakati parole nzima imejengwa kwenye imani kwamba binadamu anaweza kubadilika.

Na maksi haziishii kwenye faili. Ukionekana hatari sana unapelekwa ulinzi mkali, huko ruhusa za kutoka na msindikizaji ni shida kuzipata, programu nazo vilevile, halafu siku ya kukaa mbele ya bodi ya parole unaulizwa mbona huna cha kuonyesha. Mwaka 2020 mkaguzi wa magereza wa Kanada alitangaza kwamba jamii za asili zimevuka asilimia 30 ya wafungwa wa serikali kuu, wakati kwenye idadi ya watu wote ni kama asilimia 5 tu. Siwezi kusema testi ndo zimesababisha yote hayo, ila kwa hali hiyo kuendelea kutumia kipimo ambacho hujakikagua ni kuwadharau watu.

Mahakama ya Juu ya Kanada ilitoa hukumu ya kesi ya Ewert tarehe 13 Juni 2018, majaji saba kwa wawili. Wengi walisema sheria ya magereza, kifungu cha 24, inawataka wachukue hatua zote za maana kuhakikisha taarifa za mfungwa ni sahihi, na maksi za testi nazo ni taarifa. Wawili waliopinga walisema kifungu hicho ni cha utunzaji wa kumbukumbu tu, na hapo sikubaliani nao hata kidogo, maana kumbukumbu iliyotunzwa vizuri inasaidia nini kama kilichoandikwa ndani hakijathibitishwa?

Najua kuna watakaosema bora testi kuliko mjumbe wa bodi aliyeamka vibaya. Hoja hiyo ina uzito, hisia za wajumbe nazo zimeumiza wengi. Lakini na testi inajazwa na mtu. Mwaka 2013 kule Marekani Daniel Murrie na wenzake walichapisha utafiti ambapo wataalamu waliolipwa walipewa mafaili yaleyale, wengine wakaambiwa wameajiriwa na upande wa mashtaka na wengine upande wa utetezi, na maksi za PCL-R zikaegemea upande uliowaajiri. Faili moja, maksi tofauti! Na mjumbe wa bodi ukimwona ana chuki unaweza ukabishana naye, ila namba ikishatamkwa na daktari watu wananyamaza.

Hukumu ile haikupiga marufuku testi na haikumtoa Ewert gerezani, ilitamka tu kwamba magereza walikiuka wajibu wao. Tanzania tuna Sheria ya Bodi za Parole tangu 1994, kwahiyo siku mtu akija na kabrasha la PCL-R akasema tuanze kulitumia, wajumbe wamuulize kwanza limejaribiwa kwa wafungwa wa wapi, kwa lugha gani, na mfungwa anayepimwa apewe nakala ya maksi zake zote pamoja na nafasi ya kuzipinga kabla bodi haijakaa.