Kabla ya kusema hela imeliwa na mishahara

Kila mafuriko yakipita Lindi au Mtwara, barazani huzuka kauli ile ile: misaada inaishia kwenye mishahara na magari, mwathirika anaambulia ndoo na turubai. Wanaosema hivyo wana macho. Wameona mgeni wa mkataba wa miezi mitatu asiyeweza hata kuuliza njia bila mkalimani, na wanajua mshahara wake na wa huyo mkalimani ni mbingu na ardhi.

Lakini tuchukue maji peke yake. Kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada hukilenga ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Kaya 500 zenye watu sita sita ni watu 3,000, yaani lita 45,000. Boza la lita 10,000 litakwenda safari tano kila siku, Ijumaa na Jumapili zikiwemo. Hela inayotoka hapo ni ya dizeli, dereva, tingo, anayepima klorini na anayetuliza foleni. Kwenye vitabu vya shirika vyote hivyo huandikwa mishahara na uendeshaji. Vifute, uone kama kuna tone litakalofika.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi maeneo ya Somanga, turubai lililokuwa ghalani Dar halikumfunika mtu wa Kilwa. Ilibidi awepo mtu wa kujua njia gani inapitika, nani ana lori upande wa pili na stoo ipi haivuji.

Siku hizo, kwenye stoo moja wilayani Kilwa, nilimkuta mtunza stoo, kijana wa huku huku, amekaa juu ya kreti na leja mapajani. Kila kaya inaweka dole gumba. Mama mmoja jina lake halikuwemo. Kijana hakumfukuza, alimtuma kwa mwenyekiti wa kitongoji, akamngoja, akamwandika mstari wa mwisho. Kazi hiyo ilikula karibu saa nzima, na saa hiyo ndiyo tunayoiita hela iliyoliwa.

Watu hawa hulipa gharama nyingine pia. Umoja wa Mataifa ulihesabu watoa misaada 383 waliouawa duniani mwaka 2024, na wengi wao mno walikuwa wenyeji wakihudumia nchi zao.

Baraza lina haki kubwa sehemu moja. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa dunia kuhusu misaada uliofanyika Istanbul, Uturuki, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada iwafikie watoa misaada wa kitaifa na wenyeji. Lengo hilo halikufikiwa, wala halikukaribiwa. Hapo hasira ni halali, na ingeelekezwa hapo ingezaa kitu. Ikiishia kwenye "punguzeni mishahara", panga halimfikii mwenye mkataba mnono. Linamwangukia anayesaini mwezi kwa mwezi.

Kijana wa leja alikuwa wa mwezi kwa mwezi. Nilipopita tena Julai, stoo ilikuwa na kufuli, na akina mama wawili wamesimama kivulini, vikaratasi vyao mkononi, wananiuliza mimi kama nafahamu alikoenda.