Mwandishi Aende Porini na Kazi Mkononi

Kuna wazo limeenea siku hizi kwenye makundi yetu ya waandishi, hasa kwa wale ambao riwaya zimewakwama: nikipata tu wiki mbili mahali pa mbali, pasipo na mtandao, pasipo na mtu wa kuniuliza sukari imebaki kiasi gani, nitaimaliza. Zinatumwa picha za kibanda cha mbao ukingoni mwa msitu, meza inatazama mlima, kikombe kinafuka mvuke. Chini yake mtu anaandika, "Hapa hata mimi ningeandika."

Siamini. Si kwamba pori halina faida kwa mwandishi. Linayo, tena kubwa kuliko hiyo inayosemwa. Ila haiji kwa njia hiyo, na mara nyingi haionekani ukiwa bado huko huko.

Anayetolewa mfano kila mara ni mwandishi Mmarekani, Henry David Thoreau. Tarehe 4 Julai 1845 alihamia kwenye kibanda alichokijenga mwenyewe kando ya ziwa dogo la Walden, nje ya mji wa Concord, Massachusetts, kwenye ardhi ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson. Kibanda kilikuwa na futi 10 kwa 15, na hesabu ya ujenzi aliiandika mpaka nusu senti: dola 28, senti 12 na nusu. Alitoka Septemba 1847. Wapo wanaomcheka kwamba pori lenyewe halikuwa pori: reli ilipita pembeni mwa ziwa, mjini alikwenda kwa miguu alipotaka, na siku nyingine alikula kwao. Wacha wacheke. Mimi kinachonivuta ni kwamba kile kitabu chenye jina la ziwa, ambacho ndicho kilichompa umaarufu, sicho alichokwenda kukiandika.

Alikwenda na kitabu kingine. Mwaka 1839 yeye na kaka yake, John, walisafiri pamoja kwa mashua waliyoiunda wenyewe, wakipita mito ya Concord na Merrimack. Januari 1842 John alijikata na wembe, jeraha likaleta pepopunda, akafariki. Kibandani pale Thoreau alikuwa anaiandika safari ile ya marehemu kaka yake. Kitabu kikatoka mwaka 1849, nakala 1,000. Mwaka 1853 mchapishaji alimrudishia nakala 706 zilizokosa mnunuzi, naye akaandika kwenye shajara yake kwamba sasa ana maktaba ya vitabu karibu 900, na zaidi ya 700 kati yake kavitunga mwenyewe. Kitabu cha Walden kilitoka mwaka 1854, miaka saba baada ya kurudi mjini, na mswada wake aliuandika upya mara kama saba, huku akiishi kwa kupima mashamba ya watu na kufanya kazi katika biashara ya penseli ya familia. Kwa hiyo anayesema Thoreau alijitenga msituni akaandika Walden anaruka sehemu ndefu kuliko zote, ya mtu aliyekaa mjini, mwenye deni la uchapaji, anafuta na kuandika.

Sasa pori lilimfanyia nini? Nadhani jibu liko kwenye habari ya kina cha ziwa. Watu wa Concord walikuwa wakisimuliana kwamba Walden halina mwisho, unaweza kushusha kamba mpaka ukachoka. Mapema mwaka 1846, barafu ikiwa bado imefunika maji, Thoreau alitoboa matundu, akashusha mshipi wa kuvulia uliofungwa jiwe, tundu baada ya tundu, zaidi ya mara 100, kisha akachora ramani. Penye kina kirefu kuliko pote palikuwa na futi 102. Anaeleza hata namna ya kujua kwamba jiwe limefika: likiwa limelala chini, kulinyanyua kunataka nguvu zaidi, mpaka maji yapite chini yake yasaidie kulibeba. Mtu huwezi kubuni jambo hilo ukiwa mezani, hata uwe fundi wa maneno kiasi gani. Lazima mkono wako uwe umeshika kamba.

Tabia hiyo ndiyo aliyotoka nayo. Katika miaka ya 1850 alijiwekea kuzunguka misitu ya Concord karibu kila siku na kuandika tarehe ambayo kila ua la porini limechanua. Karne moja na nusu baadaye wanasayansi wa Boston walizichukua tarehe zile na kuzilinganisha na za sasa, wakaona mimea mingi inachanua mapema kuliko zamani kwa sababu joto limepanda. Aliyekwenda kumwandika marehemu kaka yake ametuachia takwimu za tabianchi. Huwezi kulipanga jambo kama hilo kwenye ombi la ufadhili.

Jack Kerouac, mwandishi mwingine wa Marekani, alikwenda na matarajio ya aina nyingine. Kiangazi cha 1956 alikaa siku 63 peke yake juu ya kilele cha Desolation, jimbo la Washington, karibu na mpaka wa Kanada, akilipwa na idara ya misitu ya Marekani kuangalia kama kuna moto. Alipanda akidhani atakutana na Mungu uso kwa uso. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyekutana naye kule ni yeye Kerouac tu, na kuchosha kwake. Vitabu vilipatikana, ndiyo, ila baadaye, na ukivisoma utaona kinachoshika si yale mafunuo. Ni kule kupika, kuongea na walinzi wenzake kwenye redio, na mlima wa mbele yake ambao kila akitoka nje uko pale pale.

Huku kwetu ipo habari ninayoipenda zaidi, ingawa mhusika wake hakujiita mwandishi. Julai 1960 Jane Goodall, msichana wa miaka 26, asiye na shahada yoyote, alishuka ufukweni Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuwaangalia sokwe. Serikali ya kikoloni ilikataa binti akae porini peke yake, kwa hiyo alikuja na mama yake, Vanne, na mpishi. Huko tunakokuita upweke wa porini, mama mtu alifungua zahanati ndogo ya kuwatibu wavuvi na familia zao, na wote wawili wakaangushwa na malaria. Mchana binti alikuwa juu mlimani na darubini, na sokwe wakimwona wanakimbia. Jioni alirudi kambini kuandika vizuri yote aliyoyaona. Kitabu chake kikubwa kilichosomwa duniani kote kilitoka mwaka 1971. Hesabu miaka hapo katikati, halafu urudi kwa yule wa wiki mbili na kikombe cha mvuke.

Wala si jambo geni kwetu. Kumbi za jando ziliwekwa porini, na vijana hawakupelekwa huko kukaa kimya na nafsi zao. Walipewa nyimbo, mafumbo, majina ya vitu, na mwalimu mkali juu yao. Aliyekwenda msituni peke yake bila shughuli ndiye aliyetiliwa shaka. Hata leo mwambie mama yako unakwenda kukaa msituni uandike. Atakuuliza kwanza umegombana na nani.

Mimi nilikaa Amani, Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mvua za vuli zikiwa zinaelekea kuisha. Nilikuwa na sura ya riwaya ambamo mhusika anapita msituni usiku, na nilitaka kuujua msitu wenyewe. Amani ni mahali pa ajabu kidogo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902 wakajaza miti kutoka pande nyingi za dunia, na tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia. Ukipanda kutoka Muheza unapita chai, unapita iliki iliyopandwa chini ya miti mikubwa, kisha ubaridi unakuingia kwenye mikono ya shati. (Na anayetaka kwenda kutafuta utulivu ajue kwamba siafu wakiamua kupita nyumbani kwako usiku, wewe ndiye unayehama.)

Siku ya kwanza nilimfuata mzee mmoja anayeongoza wageni. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza nimekuja kuangalia ndege au vinyonga. Nikamwambia nimekuja kuangalia msitu tu, ni mwandishi.

"Msitu upi, mwanangu?"

"Huu hapa, mzee. Huu wa asili."

Akacheka kidogo, akapiga gome la mti mrefu ulionyooka uliokuwa mbele yetu. "Huu ni mhesi. Mgeni huyu, kaletwa." Akanieleza kwamba mihesi ilipandwa na wataalamu wa misitu, kisha sehemu zilizokatwa miti ikajaa yenyewe. Anayeisambaza ni hondohondo: anakula tunda lake, anaruka, anakwenda kudondosha mbegu mbali. Kana kwamba kuna mtu aliyewaita, kundi la hondohondo likapita juu yetu. Huwaoni kwanza, unawasikia: mabawa yao yanavuma kwa mfululizo, kisha makelele yao mazito ya kugombana. Nilikuwa nimewaona tangu asubuhi na kuwaandika kwenye daftari kama pambo la mandhari. Kumbe walikuwa kazini, wanaubadilisha msitu.

Kuanzia pale sentensi yoyote ya "msitu mnene wenye miti mirefu" ikawa hainiridhishi, yangu au ya mtu mwingine. Mzee alinipa kazi, nusu kwa utani: kila jioni nimtajie miti mitano niliyopita chini yake, huu mhesi, huu msambu ambao mbegu zake zinakamuliwa mafuta, na nikikosea ananirudisha kesho yake mpaka kwenye shina. Nilikuwa najifunza kama mtoto wa chekechea. Ya riwaya niliandika kidogo sana, karibu na bure, na sikusononeka, maana daftari lilikuwa linajaa vitu vingine: namna ukungu unavyoingia kwa dirishani na kulowesha karatasi, mbega wanavyonguruma alfajiri kabla hujajua kama kumekucha, harufu ya iliki mbichi inayoanikwa.

Sura ile niliiandika Dar es Salaam, miezi mingi baadaye, kwenye chumba ambacho ukuta wake mmoja ni wa jirani mwenye spika. Mhusika wangu hapiti tena kwenye msitu wa vitisho. Anapita kwenye shamba la kahawa la Mjerumani lililoshindikana na kumezwa na miti, na anajua ni miti gani. Sura nzima iligeuka, na baada yake iligeuka tabia yangu hata mjini. Nikiandika mtaa sasa nauliza mti wa pale kona unaitwaje na nani aliupanda. Wazee wa mtaa wanapenda sana kuulizwa hivyo, kuliko kuulizwa historia.

Ndiyo maana nasema mwandishi asiende na mswada anaotaka kuumalizia. Aende na kazi ya pale: kuhesabu, kupima, kujifunza majina, kupika, kumsaidia bwana misitu kwenye doria akikubaliwa. Akirudi hana kitu mkononi asiogope. Na asiyeweza kwenda kabisa, basi wale waliokwenda wasimfanye ajione nusu mwandishi. Thoreau hakuwa na mke wala mtoto. Mwanamke anayeandika Tandika, mwenye watoto watatu na genge la kufungua asubuhi, hawezi kuondoka wiki mbili, na akiondoka maneno yatamtangulia kabla hajafika Chalinze. Yeye Goodall mwenyewe ilibidi asindikizwe na mama yake.

Hapo ndipo ningependa wakubwa wa tuzo zetu wasikie. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ni jambo jema, na fedha zake zimefika kwa watu wanaozistahili. Lakini inamlipa aliyekwisha kumaliza. Sehemu ndogo ya bajeti ya namna hiyo ingeweza kumweka mwandishi kwenye hifadhi msimu mzima, Amani, Magamba au Kitulo, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu au mamlaka ya hifadhi husika, akiwa na kazi ya kufanya: kukusanya majina ya miti na ndege kwa lugha za wenyeji kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka. Asidaiwe kitabu kwa miaka mitano. Nyumba za wageni zipo, waongozaji wapo. Kinachohitajika ni nauli, chakula, na posho ya mtu atakayebaki na watoto na kufungua genge.