"Wafungulieni waende zao", ni rahisi kusema

Juzi barazani baada ya isha kijana kaonesha klipu ya orka wawili wa Ufaransa, wale pomboo wakubwa weusi kwa weupe, Wikie na mwanawe Keijo. Bustani yao ya maonesho ya wanyama wa baharini, mjini Antibes, ilifungwa Januari 2025, watalii wakaondoka, wao wakabaki mulemule bwawani. Baraza zima likaja juu, si wawafungulie tu waende zao baharini? Mie nkanyamaza, maana nkisema nnavyoona ntaambiwa nimehongwa.

Kumvua orka baharini ukamtie bwawani ni dhulma, hapo sibishi. Tokitae alikamatwa 1970 akafa Miami 2023, bwawa lake urefu kama mita 24, ngalawa nne ukizipanga tezi kwa omo limejaa, na huyu ni mnyama anayeweza kuogelea kilomita 100 kwa siku. SeaWorld, kampuni ya Marekani yenye bustani za namna hiyo, walitangaza 2016 kuwa hawawazalishi tena orka, walichelewa lakini sawa.

Ila Wikie hakuvuliwa na mtu. Kazaliwa humohumo bwawani 2001, Keijo 2013, samaki anaowajua ni wa ndoo, washakufa zamani. Ukimfungulia anakwenda kwa nani? Orka anawinda na ukoo wake, mtoto anafundishwa na mama, na hapa mama mwenyewe hajafundishwa.

Mie kila ubishi huu ukija namkumbuka orka mwengine, Keiko. Alikamatwa Iceland 1979 angali mdogo, baadae wakahangaika nae miaka kumfundisha bahari upya, na 2002 akaondoka kweli, akakata maji zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Norwei. Safari yote ile, na alipofika akafanya nini? Akafuata watu! Kaingia ghubani watoto wakawa wanampanda mgongoni, akawa wa kulishwa hukohuko mpaka nimonia ikamuua Desemba 2003. Wapo wanaosema si haba, kafa hana ukuta, na nawaelewa, mwaka na ushei wa maji ya wazi si kitu kidogo. Lakini hiyo ya kufuata watu hainitoki. Nenda bwawa la kasa pale Nungwi, shika fumba la mwani uone wanavyokuja mbio, hawaulizi we nani.

Kwa hiyo wanaosema wasiachiwe hivihivi sio wote wanatetea biashara, wengine ndo waliowalisha kwa mkono toka wazaliwe. Mie nngewatafutia ghuba iliyozibwa kwa wavu, maji ya kweli, na daktari na ndoo ya samaki viendelee kuwepo. Gharama yake ndo kila mtu anaikimbia, na iwe pwani ya baridi, wazee wa Wikie wote wametoka Iceland.

Kijana akadakia, basi waletwe ghuba ya Menai hapa Unguja! Nkamwambia kawaulize kwanza pomboo wa Kizimkazi, ghuba hiyohiyo, asubuhi maboti yamewazunguka kila upande, watalii wanawarukia kichwani, na pale hapana ukuta hata mmoja.